Kukutwa na Wadudu Si Kuumwa

Kazi yangu ni ya maabara, hapa Moshi, na sehemu ya kazi hiyo ni kuwatoa watu damu, kwa hiyo mikono inayopita mbele yangu ni mingi. Karibu kila mkono una kovu dogo la duara kule juu, karibu na bega. Hilo ni kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu tunayochomwa tukiwa wachanga. Kwamba ni chanjo, kila mama anajua. Kisichosemwa sana kliniki ni kwamba kilichoingizwa pale chini ya ngozi kilikuwa bakteria hai, ndugu wa karibu wa yule anayewalaza watu Kibong'oto, ile hospitali ya Siha ambayo imekuwa ikipokea wagonjwa wa kifua kikuu tangu 1926.

Mwaka 1908, kule Lille nchini Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin walichukua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe wakaanza kumwotesha kwenye vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe na gliserini. Kila baada ya wiki tatu hivi walimhamishia kwenye kiazi kipya. Waliendelea hivyo kwa miaka 13, mara 230, vita kuu ya kwanza ikianza na kuisha katikati ya kazi hiyo. Kufikia 1921 bakteria yule alikuwa haui tena wanyama wa majaribio, na mwaka huohuo akapewa mtoto mchanga wa kwanza, mjini Paris. Wenyewe hawakujua ni kitu gani hasa kilichobadilika. Jibu lilianza kuonekana mwaka 1996, wanasayansi walipolinganisha jeni za BCG na za ndugu zake wakali wakakuta kipande kimetoweka.

Kipande hicho kina maana kubwa. Seli za kinga zinapommeza bakteria wa kifua kikuu, humfungia ndani ya kifuko ili zimmeng'enye humo. Yule mkali ana mtambo wa kutoa protini zinazotoboa kifuko. Akishatoka humo seli inakufa, naye anasambaa. BCG alipoteza jeni 9 za sehemu hiyo. Jeni 9 tu, katika kiumbe mwenye jeni 4,000 hivi! Amepoteza na vipande vingine njiani, lakini hiki ndicho kilichomvunja nguvu zaidi. Mengine karibu yote anayo: ukuta uleule wa nta, ukuaji uleule wa polepole. Mpake rangi, mweke chini ya hadubini pembeni ya bakteria aliyetoka kwenye makohozi ya mgonjwa mahututi, na mimi mwenye kazi yangu sitaweza kukuambia yupi ni yupi.

Nimeanza na BCG kwa sababu linanisaidia kusema jambo ninaloliamini kabisa: jina la kijidudu peke yake halikuambii kama utaumwa. Inabidi ujue ana nini, amekaa wapi, na mwili uliompokea ukoje. Hata hivyo majibu ya maabara tunayapokea kana kwamba jina linatosha. "Nimekutwa na wadudu," mtu anasema, na safari ya duka la dawa inaanza palepale. Dawa nyingi zinamezwa mjini hapa kwa sababu hiyo, na zinafanya madhara ambayo watu wengi hawajaelezwa. Nitafika huko.

Kwanza kipindupindu, maana sijui ugonjwa unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko huo. Bakteria wa kipindupindu kwa asili ni mkazi wa maji, hasa pale mito inapokutana na bahari. Anajishikiza kwenye magamba ya wanyama wadogo wa jamii ya kamba na kuyala magamba hayo. Walio wengi kati ya bakteria wa spishi hiyo hawana uwezo wa kumpa mtu kipindupindu. Mwenye uwezo ni yule mwenye sumu, na jeni za sumu hiyo si zake. Mwaka 1996, Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni hizo zimebebwa na kirusi, kirusi cha aina inayoshambulia bakteria, ambacho kikiingia ndani ya bakteria hakimuui. Kinajichomeka kwenye jeni zake na kukaa. Na ili kiingie, kirusi hicho kinashika nyuzi nyembamba zilizo juu ya bakteria, ambazo ndizo nyuzi anazozihitaji bakteria ili aweze kuota kwenye utumbo wa binadamu. Kwa maneno mengine, asiye na nyuzi za kukaa tumboni mwetu kwa kawaida hata sumu haipati. Kila ninapolifikiria hili nashangaa upya.

Sumu yenyewe haiharibu seli za utumbo. Inaziwashia amri isiyozimika, zikawa zinatoa chumvi nje mfululizo, na maji yanaifuata chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Lakini kuna njia moja ambayo sumu haiigusi, ile ambayo seli hutumia kuingiza sukari na chumvi kwa pamoja, na ndiyo maana mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari unaookoa maisha unafanya kazi hata mgonjwa akiwa bado anaharisha. Anayeona ORS ni kitu cha kutuliza tu huku akingoja "dawa yenyewe", naomba alijue hilo. Dawa yenyewe ni hiyo.

Dondakoo nayo ni hivyohivyo: mwaka 1951 ilionekana kwamba bakteria wake asiye na madhara anaweza kugeuka mkali baada ya kuingiwa na kirusi chenye jeni ya sumu.

Halafu yuko E. koli. Theodor Escherich alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1885, kutoka kwenye vinyesi vya watoto, na kila mmoja wetu anaye tumboni sasa hivi. Anaishi bila ugomvi. Lakini mwaka 1982 huko Marekani watu waliokula nyama ya kusaga isiyoiva vizuri walianza kuharisha damu, na aliyekutwa ni E. koli mwenye sumu ambayo, tena, ililetwa na kirusi. Kwa watoto sumu hiyo inaweza kuua figo. Bakteria huyohuyo anakaa tumboni mwa ng'ombe, na ng'ombe anatafuna majani yake bila habari, kwa sababu mishipa ya damu ya utumbo wake haina kile kitu ambacho sumu inashika ili iingie. Figo zetu zinacho. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama bakteria huyu ni mbaya, nitamuuliza: kwa nani? Huku kwetu milimani ng'ombe amefungwa nyuma ya nyumba, mbolea inakwenda kihambani, yaani shamba la nyumbani, watoto wanacheza kati ya hivyo viwili. Kunawa mikono baada ya kukama na kuchemsha maziwa ni mambo ya maana kubwa, hata kama ng'ombe ni mzima na ananawiri.

Mwaka 2011 Ujerumani iliona aina nyingine ya E. koli, ambayo ilikuwa haijazoeleka kuwa na sumu hiyo, imeshaipata. Ilisafiri kwenye mbegu za uwatu zilizochipushwa kwa ajili ya kachumbari. Zaidi ya watu 50 walikufa. Na jambo linalonihusu zaidi kama mtu wa maabara ni kwamba baadhi ya antibiotiki huwashtua virusi waliojificha ndani ya bakteria wa namna hii, wakaanza kuzaana, na sumu ikatoka nyingi zaidi. Ndiyo sababu madaktari huogopa kumpa antibiotiki mtoto anayeharisha damu kwa E. koli wa aina hii.

Kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji kusoma. Kinaonekana kwa macho. Mtoto analetwa koo linamuuma, daktari anapitisha kijiti cha pamba kooni, kijiti kinanifikia. Sahani ninayotumia ina aga, aina ya jeli ya kuoteshea bakteria, iliyochanganywa na damu ya kondoo, nyekundu, nyororo, baridi ikitoka kwenye friji. Napaka pembeni, nachukua kitanzi cha waya kilichopitishwa kwenye moto, naburuza mistari ili bakteria watengane. Sahani zinaingia kwenye mtungi pamoja na mshumaa unaowaka, nafunga kifuniko. Mshumaa unakula oksijeni, unafifia, unazimika, na hewa iliyobaki mle ina kaboni dioksidi ya kutosha kuwapendeza wakazi wa koo. Mtungi unalala kwenye joto la mwili.

Asubuhi nafungua. Sahani imejaa. Watu wakiona mara ya kwanza huwa wanashtuka, maana hicho ni koo la mtoto, na koo langu au lako lingejaza sahani vilevile. Wengi ni vitone vidogo vyenye ukijani kuvizunguka: hao ni wenyeji, wamekaa hapo tangu mtoto akiwa na miezi michache, na ni vizuri wawepo. Katikati yao, siku nyingine, kuna vitone visivyozidi kichwa cha pini, na kila kimoja kimezungukwa na duara angavu. Nainua sahani kuelekea dirishani na mwanga unapenya kwenye yale maduara. Naweza kuona kidole changu upande wa pili. Pale damu imekwisha. Bakteria ametoa kitu kilichopasua kila chembe nyekundu iliyokuwa karibu naye. Huyo ni Streptokoka wa koo, yule hasa anayetafutwa.

Hapo mtu angedhani hadithi imekwisha: mwenye duara ni mbaya, asiye na duara ni mwema. Haijaisha. Si ajabu kumkuta bakteria huyu kwenye koo la mtoto wa shule ambaye haumwi chochote, anacheza, anakula. Na madhara yake makubwa kuliko yote katika nchi yetu hayatokani na lile duara. Juu ya ngozi yake ana protini inayomsaidia asimezwe na seli za kinga, na sehemu za protini hiyo zinafanana na sehemu za moyo wa binadamu. Kwa baadhi ya watoto, wiki mbili tatu baada ya koo kupona, kinga iliyotengenezwa dhidi ya bakteria inageukia vali za moyo. Bakteria ameshaondoka zamani. Miaka inapita, na binti aliyeumwa koo akiwa darasa la tatu anaanza kuhema akipanda kilima kwenda Kibosho, vali zimekakamaa. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi na ugonjwa wa moyo unaoifuata, na unazuilika kwa penisilini tukiwahi koo, na kwa sindano za kila mwezi kwa aliyekwisha kuguswa. Naumia kila nikisikia koo la mtoto limetibiwa kwa vidonge viwili vilivyobaki kabatini. Na naumia vilevile kusikia kila kikohozi na mafua yametibiwa kwa antibiotiki, maana makoo mengi yanayouma ni kazi ya virusi, na virusi hawana habari na penisilini.

Wafugaji wa Arusha na Kilimanjaro wanajua kimeta kwa machungu yao wenyewe: ng'ombe anaanguka ghafla, damu nyeusi inatoka puani, na anayethubutu kuchuna au kula nyama hiyo anajiweka hatarini. Bakteria wake anaweza kujifungia kama mbegu kavu na kungoja ardhini kwa miongo. Kinachomfanya awe kimeta ni vipande viwili vya jeni vinavyoelea ndani yake, ambavyo wataalamu huviita plasmidi. Kimoja kina sumu, kingine kina maagizo ya ganda linalomfanya asimezwe na seli za kinga. Kikipotea kimoja, makali yanapotea. Mwaka 1937 Max Sterne, akifanya kazi Afrika Kusini, alipata aina iliyopoteza ganda, na ukoo huo ndio unaotumika mpaka leo katika chanjo ya kimeta ya mifugo katika nchi nyingi duniani. Bakteria huyu ana ndugu wa karibu mno ambaye badala ya plasmidi hizo ana plasmidi za sumu inayoua wadudu. Huyo tunamtumia kuua viluwiluwi vya mbu, na Kibaha kuna kiwanda kinachotengeneza dawa za namna hiyo. Ukoo mmoja umetupa janga la zizini na silaha dhidi ya malaria.

Kuhusu mahali nitasema kwa ufupi. Bakteria wa kawaida wa ngozi, anayeishi mikononi mwa kila muuguzi na kila mgonjwa, akifuata sindano ya dripu iliyokaa siku nyingi anaweza kuota kwenye plastiki na kuingia kwenye damu. Kikulacho ki nguoni mwako. Pepopunda naye anapita tumboni mwa ng'ombe bila shida yoyote, anatoka na kinyesi, anakaa kwenye udongo wa kihamba. Anapoingia na mwiba au msumari kwenye kidonda kirefu ambacho hewa haifiki, ndipo anapoamka na kutoa sumu inayokaza misuli mpaka mgongo unapinda. Wala kumuua mtu hakumfaidii kitu: mgonjwa wa pepopunda hamwambukizi mtu mwingine, kwa bakteria ile ni njia isiyo na mbele.

Na sasa mwili wenyewe. Tarehe 7 Oktoba 1892, Max von Pettenkofer, mwanasayansi mashuhuri wa Munich aliyekuwa na miaka 73, alikunywa mchuzi uliooteshwa bakteria wa kipindupindu. Alikunywa na bikaboneti, asidi ya tumbo isije ikawaua. Alikuwa akibishana na Robert Koch, aliyesema bakteria ndiye chanzo. Pettenkofer aliamini bakteria peke yake hafui dafu bila hali fulani za mahali, hasa za udongo. Aliharisha kidogo, basi. Mwaka huohuo kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg. Koch alikuwa sahihi kwamba bila bakteria huyo hakuna kipindupindu, na nadharia ya Pettenkofer kuhusu udongo haikusimama. Lakini mzee yule alinusurika, na hilo nalo ni ushahidi. Leo tunajua kwamba asidi ya tumbo inaua sehemu kubwa ya bakteria wa kipindupindu, hivyo mtu ambaye asidi yake imepungua anaumwa na idadi ndogo zaidi yao. Na tunajua kwamba wenye kundi la damu O wakiambukizwa huelekea kuumwa vikali zaidi. Kikombe kimoja, watu wawili, matokeo mawili.

Kifua kikuu ni vivyo hivyo. Inakadiriwa kwamba robo ya watu duniani wameshaambukizwa bakteria wake, na kati yao asilimia 5 hadi 10 tu ndio watakaougua maishani. Waliobaki wanaishi naye amefungiwa mapafuni, wanazeeka, wanakufa kwa mambo mengine. Kinachofungua kufuli ni njaa, kisukari, uzee, na zaidi ya vyote VVU. Mwaka 1981 madaktari wa Los Angeles walipoandika kuhusu vijana watano wenye nimonia ya ajabu, kilichowashangaza ni kwamba kuvu aliyewaletea nimonia hiyo anakutana na karibu kila mtoto duniani na hamfanyi kitu. Miaka miwili baadaye Kagera ikaanza kuona wagonjwa wake wa UKIMWI. Hata BCG, yule mpole aliyenyang'anywa makali kwa miaka 13, anaweza kumletea maradhi mabaya mtoto mchanga mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka.

Nayasema haya nikiwa mjini ambako swali hili limepimwa. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vya uhakika vilipofanywa, ambao malaria ndiyo iliyokuwa imewalaza walikuwa 14. Waliobaki walikuwa na mambo mengi, na sehemu kubwa ilikuwa vijidudu vya wanyama: leptospira, homa ya Q, brusela, riketsia. Leptospira anakaa kwenye figo za panya, panya anamwaga mkojo wenye bakteria maisha yake yote na anaendelea kuzaa. Kwa mkulima aliyeingia peku kwenye mfereji, figo zilezile ndizo zinazofeli. Homa ya Q inatoka kwa mbuzi na kondoo ambao mara nyingi hawaonyeshi dalili. Namkumbusha kila mhudumu kijana anayekuja kujifunza kwetu: muulize mgonjwa anaishi na nani, na katika "nani" umweke mbuzi.

Nilisema nitafika kwenye dawa. Mwaka 1954 watafiti wa Chicago waliwalisha panya salmonela. Panya wa kawaida walihitaji takriban bakteria 100,000 ili nusu yao waambukizwe. Waliopewa streptomaisini kwanza, wasiozidi 10 walitosha. Dawa haikumpa salmonela nguvu yoyote mpya, iliondoa wakazi. Utumbo wenye wakazi wake ni daladala iliyojaa asubuhi ya Jumatatu: mgeni anaweza kupunga mkono kituoni atakavyo, pa kukaa hakuna. Wenyeji wanakula chakula chote, wanatengeneza asidi, wanatoa vitu vinavyowaua wageni. Ukiwafagia kwa dozi isiyohitajika, umemtayarishia nafasi mtu usiyemjua. Uholanzi mwaka 2013 waliripoti jaribio kwa wagonjwa waliokuwa wakiharisha tena na tena kwa bakteria aitwaye Klostridiamu difisile, anayestawi baada ya antibiotiki. Waliwapitishia tumboni kinyesi kilichochujwa cha watu wenye afya. Kati ya 16 waliopewa, 13 walipona kwa mara ya kwanza. Kati ya 13 waliopewa antibiotiki kali peke yake, walipona 4. Kilichowaponya ni bakteria.

Bibi mmoja wa Uru alikuja akiwa na bahasha ya karatasi za vipimo vya huko alikopita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kuangalia kama wale wadudu wa mkojo wamekwisha."

"Unapata maumivu ukikojoa? Homa, kiuno?"

"Hapana, mkojo haujawahi kuniuma. Nilikwenda kupima presha, ndiyo wakanikuta nao."

Tangu hapo alikuwa amemeza dozi baada ya dozi. Tumbo lilikuwa linamsumbua, chakula hakina ladha. Nilipouotesha mkojo wake, E. koli aliota vizuri, na nilipoweka vile vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa, bakteria walikifuata kile cha antibiotiki ya sipro mpaka ukingoni. Hapakuwa na nafasi tupu hata kidogo. Wale waliokuwa wakisikia dawa walikufa zamani. Waliobaki ndio hao. Kwa wanawake wenye umri wake, bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote ni jambo la kawaida, na mapendekezo ya kitabibu ni kutowatibu, kwa sababu matibabu hayampunguzii mgonjwa chochote na yanazalisha usugu. Daktari alimweleza kwa upole aache dawa. Alikubali kwa shingo upande, na simlaumu, maana kwa muda mrefu kila aliyevaa koti jeupe alimwambia kinyume.

Kipimo cha Widal cha homa ya matumbo kina tatizo linalofanana: kinapima kinga iliyoachwa na bakteria, na kinga hiyo inaweza kuwa ya zamani au ya ndugu zake. Mtu anatembea na karatasi ya "typhoid" miezi na miezi, anaitibu kila inaporudi, na pengine haikuwahi kuwepo.

Nisieleweke vibaya kuhusu mkojo, kwa kuwa kuna mwili mmoja ambao hukumu yake ni nyingine. Mjamzito akikutwa na bakteria kwenye mkojo, kipimo kikathibitishwa kwa kuotesha, anatibiwa hata kama hajisikii chochote. Homoni za mimba hulegeza mirija inayotoka kwenye figo, mfuko wa uzazi unaibana, mkojo unatuama, na bakteria aliyekuwa ametulia kwenye kibofu anapata njia ya kupanda hadi kwenye figo. Maambukizi ya figo kwa mjamzito yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. E. koli ni yuleyule wa bibi wa Uru, sahani ni ileile, majibu ninayoandika yanafanana neno kwa neno. Kwa hiyo ukileta chupa ya mkojo dirishani kwetu na wewe ni mama mjamzito, waambie, hata kama hawajauliza, na kwenye fomu iandikwe.